Utulivu wa Moyo katika Nchi ya Konde: Kutoka Palikyala hadi Neno la Siku

Miaka kadhaa iliyopita tuliwaomba wanafunzi wetu wa theolojia wakae kimya kwa muda wa dakika 10 kabla ya somo, bila kusoma, bila kuimba, kila mmoja akiushika mstari mmoja tu wa Zaburi ya 131 moyoni mwake. Dakika ya 3 viti vilianza kulia. Dakika ya 5 ndugu mmoja aliinua mkono, akauliza kwa adabu kama jambo hili halitoki kwa watawa wa Kirumi au kwa dini za Bara Hindi, maana Mluteri, alisema, huomba kwa kinywa. Wengine walitikisa vichwa kumwunga mkono. Hatukuwa na jibu la kutosha siku ile. Makala hii ni jibu lililochelewa, nalo tumelitafuta mahali ambapo huenda ndugu yetu hakutazamia, yaani katika tambarare ya Kyela, kwenye pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, na hasa Makwale, ambako tulipata kukaa kwa huduma.

Afikaye Makwale wakati wa masika huona maji kila upande. Mito ishukayo kutoka milima ya Rungwe na ya Ukinga hujaa, mashamba ya mpunga huwa kama vioo, na upande wa mashariki Milima ya Livingstone husimama kama ukuta. Mgeni husema, hapa pana utulivu. Mwenyeji hasemi hivyo. Yeye afikiri juu ya mafuriko, juu ya homa ya mtoto, juu ya kakao isiyokauka kwa sababu jua limekataa kutoka, na juu ya ada ya shule. Tuseme mapema, basi, kwamba utulivu tunaouzungumzia si mandhari. Watu wa nchi hii hawakuupata kwa kutazama ziwa.

Je, wazee wa kale wa Wanyakyusa waliutafuta wapi? Twajua mengi kwa sababu ya Godfrey na Monica Wilson, waliofanya uchunguzi wao katika nchi hii kati ya mwaka 1934 na 1938, na kwa vitabu ambavyo Monica Wilson alivitoa baadaye, hasa vile vya mwaka 1957 na 1959 vinavyohusu ibada za ukoo na ibada za nchi nzima. Wilson aeleza habari za Lubaga, msitu mtakatifu wa Lwembe, ambao mtu wa kawaida hakuuingia wala kukata kuni ndani yake, na ambako makuhani wa Kikinga walishuka wakileta majembe ya chuma. Aeleza pia habari za Palikyala, pango lililoko karibu na Ikombe, ng'ambo kidogo ya Matema, mahali palipohesabiwa kuwa pa Kyala. Jina lenyewe lamaanisha tu kwamba hapo ndipo alipo Kyala. Wakati huo Kyala alikuwa shujaa mmoja miongoni mwa mashujaa wa kale. Wamisionari ndio waliolichukua jina hilo na kulifanya kuwa jina la Mungu Mwumbaji, na leo Mkristo wa Makwale aombaye kwa Kinyakyusa halijui kwa maana nyingine. (Wachungaji vijana husahau kwamba kila neno wanalohubiri nalo limekwisha kubatizwa mara moja na mtu fulani.)

Mahali pa namna hiyo palikuwa pa kimya, naam, lakini kimya chake kilikuwa cha hofu. Hatutaki kuwatia wazee wetu mavazi ambayo hawakuyavaa. Aliyekwenda Lubaga hakwenda kupumzisha akili. Alikwenda kwa sababu mvua imekataa au tauni imeingia, na aliwakilisha watu wengi. Wengine walibaki nyumbani. Kama tukitafuta huko mtu mmoja akaaye peke yake na kuitazama nafsi yake, hatutampata.

Tutapata jambo jingine, ambalo kwa maoni yetu lina uzito zaidi. Wilson alisisitiza kwamba kwa Wanyakyusa adui mkubwa wa maombi alikuwa hasira iliyofichwa. Waliamini kuwa hasira ya haki ya majirani, ile iliyoitwa pumzi ya watu, yaweza kumwangukia mkosaji kama baridi na kumletea ugonjwa. Kwa hiyo kabla ya kumwombea mgonjwa, au kabla ya ibada ya ukoo, wenye kinyongo walitakiwa kukisema waziwazi mbele ya wenzao. Aliyesema maneno matamu huku moyo wake ukichemka aliyaharibu maombi ya wote. Aliyekwisha kusema na kusamehe alichukua maji kinywani, akayapuliza nje, kuwa ishara kwamba kilichokuwa ndani kimetoka. Baada ya hapo ndipo watu walikaa pamoja, na ndipo maombi yalipowezekana. Twaona basi mpangilio ulio wazi: kwanza kusema, kisha kutulia. Kimya kilichotangulia maungamo kilihesabiwa kuwa kimya cha hatari, kama maji ya mto yaliyosimama pale penye mamba.

Sasa na tuwatazame wageni waliokuja. Mwezi Agosti 1891 Wamoravian, wakiongozwa na Theodor Meyer, walianza kazi Rungwe. Mwezi Oktoba mwaka huohuo watu wa Misioni ya Berlin, chini ya Alexander Merensky, walifungua kituo chao cha kwanza, wakakiita Wangemannshöhe kwa heshima ya mkurugenzi wao. Waluteri walielekea upande wa mashariki, Manow na Mwakaleli na Ikombe ufuoni, halafu wakapanda kwenda kwa Wakinga na Wabena. Wamoravian walishika Rungwe na magharibi, nao wakashuka hadi Ipyana katika tambarare. Waliikuta nchi iliyotikiswa. Vita vya Karonga dhidi ya Mlozi, vilivyoanza mwaka 1887, vilikuwa vimefukuza watu wengi wa pwani ya ziwa kutoka kwao, na biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma.

Mwaka 1894 Wamoravian walifungua kituo kipya, wakakipa jina litokanalo na neno la wenyeji lenye maana ya amani: Rutenganio. Kwa Kinyakyusa ulutengano si ukosefu wa vita tu. Ni hali ya kukaa pamoja vizuri, watu wakiwa wametulizana. Wamisionari walichagua vema, ila historia haikuwahurumia. Mwaka 1897, miaka 3 tu baadaye, mapigano kati ya askari wa serikali ya Kijerumani na wapiganaji wa Kinyakyusa yalitokea karibu na kituo hichohicho, na wenyeji wakashindwa kwa nguvu ya bunduki. Mara nyingi tumejiuliza mahubiri ya Jumapili iliyofuata yalikuwaje. Mtu awezaje kusimama mahali paitwapo Amani, moshi wa baruti ukiwa bado puani mwa wasikilizaji, akawaambia watulize mioyo yao? Hatudhani swali hili ni la mwaka 1897 peke yake. Mchungaji yeyote aliyewahi kuwafundisha watu utulivu ilhali wameonewa hana budi kulijibu.

Wamoravian walileta mambo mawili yatuhusuyo. La kwanza ni Neno la Siku. Kijiji cha Herrnhut huko Saksonia kilianza mwaka 1722 kwa wakimbizi kutoka Moravia waliopokewa katika shamba la Kaunti Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Watu hao waligombana sana, jambo ambalo vitabu vya sherehe hulipita haraka. Waligombania mafundisho, desturi na uongozi, hata kijiji kikawa karibu kuvunjika. Katika mwaka 1727 walifanya agano la kuishi pamoja, wakapatanishwa, na tarehe 13 Agosti, kwenye Meza ya Bwana, walipata uamsho ambao Wamoravian wanaukumbuka hadi leo. Mwezi huohuo walianza zamu za maombi ya saa kwa saa, usiku na mchana, ambazo ziliendelea kwa muda wa karibu miaka 100. Tarehe 3 Mei 1728 Zinzendorf aliwapa neno moja la kuchukua hadi kesho yake. Tangu hapo kila asubuhi neno la siku lilipelekwa nyumba kwa nyumba, na kwa mwaka 1731 maneno ya mwaka mzima yalichapishwa kuwa kitabu. Hata sasa mistari ya Agano la Kale huchaguliwa kwa kura pale Herrnhut, miaka kama 3 kabla ya wakati wake, kutoka katika akiba ya mistari zaidi ya 1,800, nayo hutafsiriwa kwa lugha zaidi ya 50, Kiswahili kikiwamo.

Msomaji atambue mfuatano wa mambo. Ugomvi ulitangulia, patano likafuata, ndipo neno fupi la kubebwa kimya moyoni likapata mahali pa kukaa. Neno la Siku halikubuniwa kwa ajili ya watu waliochoka na kutaka kupumzika. Lilitolewa kwa watu waliokwisha kupatanishwa, wapate kudumu katika patano lao katikati ya kusuka, kufinyanga na kulima.

Jambo la pili laitwa kwa Kijerumani jina ambalo maana yake ni kusema tu. Kabla ya Meza ya Bwana kila mshiriki alikwenda kwa mchungaji au kwa mtumishi aliyewekwa, akazungumza naye juu ya hali ya roho yake na juu ya uhusiano wake na jirani. Waluteri nao walikuwa na desturi yao ya kujiandikisha kwa ajili ya Chakula cha Bwana, na mwenye ugomvi alizuiwa mpaka apatane. Wamisionari walidhani wanaleta kitu kigeni kabisa. Kumbe walikuwa wakiingia katika nyumba ambayo mlango wake ulifunguka kwa ufunguo huohuo. Mzee wa Kinyakyusa aliyefundishwa kwamba hawezi kuikaribia meza akiwa na kinyongo hakufundishwa neno jipya kuhusu kinyongo. Alichofundishwa kipya ni kuhusu hofu: kwamba pumzi ya watu si mwisho wa habari, na kwamba Kyala mwenyewe ndiye aliyelipa deni. Hapo Injili ilitenganisha mambo mawili ambayo ibada ya kale iliyafunga pamoja, maungamo na tisho. Twaamini kutenganisha huko ndiko kulikoacha nafasi kwa mtu kukaa kimya mbele za Mungu pasipo kutetemeka.

Haikuwa hivyo kila mahali wala kila siku. Kengele ya misioni ilileta sala za asubuhi na jioni, lakini ilileta pia saa za kazi, na zipo sharika ambako kujiandikisha kwa Meza kulikuwa kuchunguzwa tu, majina na faini. Desturi njema huoza kama samaki, huanzia kichwani.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 1916, majeshi ya Uingereza yalipoingia kutoka Nyasaland. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa. Waskoti wa Misioni ya Livingstonia walijitwika baadaye uangalizi wa vituo vya Rungwe na vya Berlin, lakini walikuwa wachache, na nchi ni kubwa. Mpaka Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, na tena walipoondolewa katika Vita vya Pili, sharika nyingi ziliangaliwa na walimu na wazee wenyeji ambao hawakuwa na daraja la kichungaji. Hawakuweza kutoa sakramenti. Waliweza nini? Waliweza kukusanya watu asubuhi, kusoma mstari, kunyamaza kidogo, kuomba, na kuwauliza waliogombana kama wamekwisha kusema. Kanisa la Konde halikufa. Sisi tuandikao historia ya Kanisa kwa majina ya maaskofu na tarehe za sinodi (KKKT, tarehe 19 Juni 1963, na kadhalika) hatujawatendea haki watu hao, na twajihesabu miongoni mwa wakosaji.

Hapa yafaa tumrudie Luther, maana ndugu yetu aliyeinua mkono darasani alimtaja. Mwaka 1535 Luther alimwandikia kinyozi wake, Petro Beskendorf wa Wittenberg, kitabu kidogo juu ya njia nyepesi ya kuomba. Amweleza kwamba ahisipo moyo wake umepoa kwa sababu ya shughuli, huchukua Zaburi na kwenda chumbani mwake, au kanisani kama ni saa ya watu kukusanyika, akajisomea Amri Kumi na Imani mpaka moyo upate joto. Kisha huchukua kila amri na kuisokota kama taji la nyuzi 4: fundisho, shukrani, maungamo na ombi. Tena asema kwamba Roho akianza kuhubiri moyoni, mtu aziache sala alizozipanga, anyamaze, asikilize. Kinyozi mwema, amkumbusha, hukaza macho kwenye wembe wake. Akipiga soga huku na huku atamkata mtu pua. Hiyo ndiyo tafakari ya Kiluteri. Imeandikwa kwa ajili ya fundi mwenye wateja mlangoni. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 pia sala ya asubuhi humpeleka mtu kazini kwa furaha, na sala ya jioni humpeleka kitandani alale upesi. Aliyesema kwamba Mluteri hatafakari hakumsoma Luther.

Lakini habari ya Petro kinyozi haiishi hapo, na wanaotumia kitabu kile katika semina za maombi kwa kawaida huikata mahali pazuri. Miezi michache tu baada ya kukipokea, wakati wa Pasaka ya mwaka huohuo 1535, Petro alikuwa mezani kwa mkwewe, mume wa binti yake. Ulevi na maneno viliingia kati, akamchoma kisu, mkwe akafa. Luther aliomba huruma kwa ajili yake, na adhabu ikawa kufukuzwa mjini. Mtu aliyeandikiwa mojawapo ya vitabu bora vya utulivu katika Kanisa letu alishindwa na hasira ndani ya nyumba ya mwanawe. Hatusemi kwamba njia ya Luther ni mbaya. Twaifundisha, na tutaendelea. Twasema kwamba mzee wa Kinyakyusa angeuliza swali ambalo kitabu hakikumwuliza Petro: je, wewe na mkweo mna neno gani kati yenu?

Swali hilo lilitupata sisi wenyewe. Tulipokuwa katika usharika mmoja tulianzisha saa ya kimya kila Jumatano jioni, mshumaa, mstari mmoja wa Injili, nusu saa. Watu walikuja, na walisema wanapata pumziko. Wakati uleule sisi na mzee mmoja wa kanisa hatukuwa tukisalimiana vizuri kwa sababu ya hesabu za ujenzi. Kila Jumatano tuliketi katika chumba kimoja, macho tumefumba, na kila mmoja alijua. Jambo hili liliendelea kwa miezi 4. Tulikuwa watulivu kweli; moyo ulipoa, usingizi ulikuja. Tulijifunza kwamba yawezekana kutumia kimya kama blanketi la kufunikia kinyongo, na kwamba blanketi hilo hupasha joto vizuri mno. Mathayo 5:23-24 tulikuwa tumeihubiri mara nyingi. Hatimaye ni yeye, si sisi, aliyekuja nyumbani asubuhi akasema, Mchungaji, nina neno. Tulizungumza mpaka adhuhuri, na mengine hayakuwa matamu.

Kwa hiyo hatuwezi kukubaliana moja kwa moja na wale ambao leo huwashauri Wakristo wenye msongo wavute pumzi, wakae kimya na kuacha mawazo yapite. Si kwamba hayana faida. Mwili nao ni kiumbe cha Mungu, na Bwana wetu mwenyewe aliwaambia mitume waliochoka waje kando wapumzike kidogo (Marko 6:31). Wala hatukubaliani na wenzetu ambao wameijaza mikesha vipaza sauti kana kwamba Mungu ni kiziwi, wakamwona akaaye kimya kuwa mtu aliyepoa kiroho. Makundi haya mawili yanafanana kuliko yanavyodhani. Yote mawili yanamtafutia mtu nafuu peke yake, mmoja kwa ukimya na mwingine kwa kelele, naye jirani hasira zake zikiwa palepale. Desturi ya Konde, ya kale na ya Kikristo, haikujua utulivu wa mtu mmoja mmoja kwa maana hiyo.

Ndugu zetu watawauliza walimu wao jinsi ya kuyatenda hayo katika usharika wa watu 2,000. Swali ni la haki. Hatudhani mchungaji mmoja aweza kuzungumza na washiriki wote kabla ya kila Meza ya Bwana, na Wamoravian wenyewe walilegeza desturi hiyo mahali pengi. Lakini jumuiya za nyumba kwa nyumba zipo, na wazee wapo. Dakika 5 za kuulizana kabla ya dakika 5 za kimya si mzigo usiochukulika. Tumejaribu na wanafunzi wetu. Mara ya kwanza wawili walitoka nje ya darasa wakaenda kuzungumza chini ya mwembe, nasi tulichelewa kuanza somo kwa nusu saa. Kimya kilichofuata hakikuwa na viti vinavyolia.

Pale Makwale tulimfahamu bibi mmoja, mjane, mlima mpunga. Huamka kabla ya jogoo la pili, huwasha taa, hufungua Kalenda yake iliyokunjamana pembeni, husoma neno la siku mara mbili kwa sauti ya chini, maana miwani yake imepasuka kioo kimoja na mara ya kwanza humpotea maneno. Kisha huketi. Tulimwuliza wakati ule wa kuketi huwaza nini. Alituangalia kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi, akatuambia kwamba huwapitia majirani, nyumba kwa nyumba kuanzia upande wa mto, aone kama kuna anayemkasirikia au aliyemkasirikia. Akimkosa, hukaa tu na Kyala mpaka kupambazuke. Akimpata, hupitia kwake kwanza kabla ya kwenda shambani, jembe begani.